PCOS inatoka wapi hasa? Homoni, insulini na ukoo (tena hata ukoo wa baba)

BintiPangani (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu. Haipiti wiki humu bila mdada kuuliza, siku zangu haziji miezi mitatu minne, nimepiga ultrasaundi wameniambia PCOS (polycystic ovary syndrome, homoni kuvurugika na ovari kujaa vifuko vidogo), nifanyeje. Na majibu ni yale yale, wa kwanza anasema umemeza sana P2 (kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba), wa pili anasema ulitoa mimba huyo, wa tatu anamwaga namba ya WhatsApp anauza dawa ya kusafisha kizazi. Mimi ninayo hii kitu, dada yangu anayo, na shangazi yangu yule dada yake baba, nikimwangalia vizuri kidevu chake na shingo yake naona kabisa naye alikuwa nayo ila zama zake hakupewa jina zaidi ya kuitwa mgumba na kuachika. Kwa hiyo nimesoma sana na madaktari nimewasumbua mpaka wakanizoea, acha nimwage hapa chanzo chake kinavyoeleweka. Ni ndefu, wavivu wa kusoma mpite tu.

Tuanze na hivyo vinavyoitwa vivimbe kwenye ovari maana ndo vinatisha watu. Sio uvimbe. Kila mwezi ovari inaanzisha vifuko kadhaa vya mayai kwa pamoja, ubongo unatuma homoni ya FSH kuvikuza, kimoja kinawazidi wenzake kinafika kama milimita 20 hivi, halafu inakuja homoni nyingine ya ubongo, LH, kwa wingi kinapasuka, yai linatoka, ndo kupevuka huko. Kwa mwenye PCOS vifuko vinaanza vizuri tu ila vinagomea njiani, vinabaki na milimita 2 mpaka 9, hakuna kinachoshinda, vinajazana pembeni mwa ovari, na baadae vingine vinaanza navyo vinagoma. Kwa hiyo unachoonyeshwa kwenye skrini ni mayai yaliyokwama. Hakuna cha kuyeyusha, hakuna uchafu wa kusafisha. Madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliandika mwaka 1935 kuhusu wanawake saba wenye hali hii, wakawa wanakata kipande cha ovari na hedhi zikarudi, na ndo maana kwa miaka mingi watu wakaamini shida nzima iko kwenye ovari. Ovari imo, ila haiko peke yake.

Sasa kwa nini vinagoma. Hapa ndo penyewe.

Ubongo una sehemu inatoa homoni inaitwa GnRH, haitoki mfululizo, inatoka kwa mapigo. Mapigo yakiwa ya haraka tezi ya pituitari inatoa LH nyingi, yakiwa ya taratibu inatoa FSH zaidi. Kwa wengi wenye PCOS mapigo ni ya haraka muda wote, kwa hiyo LH juu, FSH haitoshi. Kile kifuko cha yai kina seli za nje na seli za ndani. Za nje zikiguswa na LH zinatengeneza androjeni, yaani testosteroni na ndugu zake, za ndani zikisaidiwa na FSH zinabadilisha hiyo androjeni kuwa estrojeni. Ndio, kila mwanamke anatengeneza testosteroni, usishtuke, bila hiyo hata estrojeni haipatikani. Shida ni pale seli za nje zinapofanya kazi kupita kiasi huku za ndani hazina FSH ya kutosha, androjeni inarundikana, na androjeni ikizidi mle ndani kifuko hakikui. Hapo hapo vifuko vidogo vikiwa vingi vinatoa kwa wingi homoni inaitwa AMH, na AMH nayo inafanya kifuko kisisikie vizuri hiyo FSH kidogo iliyopo. Halafu yai lisipotoka hakuna projesteroni, na projesteroni ndo kila mwezi ingeenda kuuambia ubongo punguza mapigo. Haipo, mapigo yanaendelea kwenda mbio. Umeona inavyozunguka? Ukiuliza kipi kilianza daktari mwenyewe atakuna kichwa.

Na bado sijamtaja mchawi mkubwa, insulini.

Mwaka 1989 huko Marekani Andrea Dunaif na wenzake walionyesha kwamba wanawake wenye PCOS wana ukinzani wa insulini kuliko wenzao wa uzito ule ule, hata wale wembamba. Misuli inakuwa kama mpangaji aliyezima simu siku ya kodi, kongosho linapiga tena na tena, linamwaga insulini zaidi ili sukari iingie. Ovari sasa haijazima simu, zinazopigwa zote yeye anapokea. Na insulini ikifika kwenye zile seli za nje za kifuko inashirikiana na LH kuzisukuma zitengeneze androjeni zaidi. Kisha inaenda kwenye ini inapunguza utengenezaji wa protini inaitwa SHBG, hii ndo inayoibeba testosteroni kwenye damu na kuifunga isifanye kazi, ikipungua testosteroni huru inaongezeka hata kama jumla yake haijapanda sana. Hapo ndo unaona ndevu, chunusi za taya ambazo haziishi hata uwe na miaka 30, nywele za utosini zinapukutika.

Na ile shingo nyeusi. Dada zangu naomba hili mlishike. Ule weusi nyuma ya shingo, kwapani na kwenye mapaja, umekuwa mnene hivi unashikika kama kitambaa laini, mnausugua na dodoki na jivu na kremu za kuchubua, mnadhani ni cheni ya bandia au ni uchafu wa jasho. Kwa wengi ule ni alama ya insulini kuwa juu kwenye damu, ngozi nayo inaota kupita kiasi. Mimi nilisuguliwa na mama yangu utoto wangu wote mpaka nikawa natokwa damu na haukutoka, maana hautokani na ngozi kuwa chafu.

Tuje kwenye ukoo. Waholanzi mwaka 2006 walitoa utafiti wa mapacha, wakalinganisha mapacha wa kufanana na wasiofanana, wakakuta kama asilimia 70 ya tofauti ya nani ana PCOS na nani hana inaelezwa na vinasaba. Hiyo ni kubwa. Lakini msitegemee jeni moja kama ilivyo sikoseli. Mwaka 2011 Wachina walipima wanawake wengi wakapata maeneo matatu ya vinasaba yanayohusika, moja likiwa la jeni inaitwa DENND1A ambayo inaonekana kuzifanya zile seli za nje za kifuko zitengeneze androjeni kupita kiasi, na jingine liko kwenye jeni ya kipokezi cha LH. Mwaka 2018 ukaja utafiti mkubwa wa wanawake wenye asili ya Ulaya, wagonjwa zaidi ya 10,000, wakapata maeneo 14. Kila eneo linachangia kidogo kidogo, na yote yakijumlishwa bado hayajafikia hata robo ya ule urithi wa mapacha. Na sisi Waafrika kwenye tafiti hizi tumepimwa wachache mno, hii inaniudhi kila nikifikiria.

Kilichonifanya niandike uzi huu ni hiki. Utafiti huo wa 2018 ulikuta vinasaba vya PCOS vinaingiliana na vya kisukari aina ya pili, unene, sonona, na UPARA WA WANAUME. Maana yake urithi huu unapita kwa baba vizuri tu. Baba hana ovari kwa hiyo hataona siku zimepotea, yeye huenda akaota kipara ana miaka 25 au kisukari kikamkuta mapema, basi, na bintiye anaweza kupokea. Kliniki ukiulizwa "mama yako au dada zako wana shida hii?" ukijibu hapana wanafunga ukurasa. Jibu kamili liko kwa baba, kaka, na mashangazi.

Nitarudi kujibu maswali.

Mnyakyusa_Og

Andiko zuri ila umezunguka sana, ukweli ni P2. Watoto wa siku hizi wanameza P2 kama pipi alafu wakiharibika wanasema ni jeni za baba.

BintiPangani

Mkuu P2 ina homoni moja aina ya projesteroni ya kutengeneza, kazi yake kuchelewesha yai mwezi ule. Itakuvuruga mzunguko huo, labda unaofuata, period itakuja mapema au itachelewa, ila haitengenezi PCOS. Wanawake wenye PCOS walikuwepo kabla P2 haijatengenezwa, shangazi yangu huyo P2 aliitoa wapi na alikuwa kijijini miaka ya 70?

Nadhani kinachowachanganya watu ni vidonge vya majira. Binti ana miaka 18 siku zake hazieleweki, anaanza vidonge, siku zinakuja kila mwezi kama saa maana vidonge ndo vinazileta. Anaolewa, anaacha ili apate mtoto, siku zinapotea. Vidonge vinabebeshwa lawama. Vilikuwa vimeificha tu. Sindano ndo inaweza kuchelewesha mayai miezi kadhaa hata mwaka baada ya kuacha, ila hiyo nayo sio PCOS.

Tabibu wa Asili Halisi

Poleni dada zetu. Tunayo dawa ya mitishamba haina kemikali inatoa uvimbe wote kwenye mayai, inafungua mirija, inabalansi homoni na kusafisha kizazi. Tunatuma mikoa yote. Njoo inbox.

BintiPangani

Nimeandika yote hayo juu kwamba hakuna uvimbe wa kutoa na wewe umekuja kuutoa. Haya.

mama_wawili_

😂😂 Huyo hajasoma hata kichwa cha habari.

Dada nina swali, mimi nina kilo 51, sijawahi kuwa mnene, siku zangu ni kila baada ya siku 50 au 60, kidevu nanyoa. Daktari wa kwanza aliniangalia tu akasema wewe mwembamba huwezi kuwa na PCOS, nenda nyumbani ukapunguze mawazo. Kweli?

BintiPangani

Dah pole. Tangu mwaka 2003 wataalam walikubaliana Rotterdam kule kwamba PCOS inatambuliwa ukiwa na mawili kati ya matatu, mayai kutopevuka vizuri (siku zinachelewa sana au hazieleweki), androjeni kuzidi (ndevu, chunusi, upara, au kipimo cha damu), na ovari kuonekana vile kwenye ultrasaundi. Na kwanza magonjwa mengine yanayofanana yawe yameondolewa. Uzito haumo kwenye hayo matatu. Wewe mawili unayo hata kabla ya ultrasaundi, rudi kwa daktari mwingine.

Unene unachochea, hilo silifichi. Ukinenepa insulini inapanda na yote niliyoeleza yanapanda nayo, na vinasaba vya unene vinaonekana kabisa kusukuma kuelekea PCOS. Ndo maana mwingine anapungua kilo chache tu siku zinarudi. Ila yupo mwembamba anayo na yupo mnene wa kilo 110 hana, kwa hiyo kumwambia mtu "punguza mwili" halafu basi bila kipimo hata kimoja ni kumfukuza kistaarabu.

Mpima Damu

Mimi ni mtu wa maabara, niongezee upande wetu maana watu wanapoteza hela.

Wengi wanakuja na karatasi imeandikwa "homoni zote" wanapima LH na FSH tu, alafu wanaambiwa uwiano wa LH kwa FSH ndo jibu. Uwiano huo siku hizi hautumiki kutambua PCOS, wapo kibao wenye PCOS na uwiano wao ni wa kawaida. Kinachotakiwa kwanza ni testosteroni na SHBG ili ipatikane ile iliyo huru. Na ukija unameza vidonge vya majira kipimo hicho kimekufa, vidonge vinapandisha SHBG na kushusha testosteroni, inabidi ukae kama miezi mitatu umeacha, ongea na daktari utumie kinga nyingine kipindi hicho.

Alafu vya kuondoa magonjwa mengine, tezi ya shingo (TSH), prolaktini (homoni ya maziwa), na kile cha 17-hidroksiprojesteroni asubuhi. Hiki cha mwisho watu hawakijui. Kuna ugonjwa wa tezi za juu ya figo wa kurithi, huu ni jeni moja kweli, kimeng'enya kimoja hakifanyi kazi vizuri na tezi zinamwaga androjeni. Akija ukubwani mtu ana ndevu na siku hazieleweki, kwa macho hutamtofautisha na wa PCOS.

Na tangu mwongozo wa kimataifa wa 2023, kwa mwanamke mtu mzima AMH ya damu inaweza kutumika badala ya ultrasaundi. Kwa mabinti wadogo hapana.

Jambo moja la haraka, kama ndevu na sauti nzito vimekuja ndani ya miezi michache tu, hukuwa navyo, sasa sauti imekuwa ya kiume na misuli inajaa, usikae unasoma nyuzi. Wahi hospitali, hiyo inaweza kuwa uvimbe kweli unaotoa testosteroni.

Chaupele

Binti yangu ana 14, alivunja ungo mwaka jana, siku zinaruka ruka, leo siku 25 kesho 44. Chunusi anazo. Dada yake baba ana PCOS. Nimpeleke ultrasaundi?

Mpima Damu

Mama hapo bado. Mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo kuruka ruka ni kawaida, na mwaka wa pili na wa tatu kuanzia siku 21 mpaka 45 bado iko ndani. Akipitisha siku 90 bila kuona kitu hapo mpeleke. Ultrasaundi ya ovari haitumiki kutafuta PCOS mpaka miaka 8 ipite tangu alipovunja ungo, sababu ovari ya binti kawaida ina vifuko vingi, kila mmoja atapewa jina hilo na ataishi na woga bure.

BintiPangani

Naongezea kwa Chaupele, kwa vile shangazi mtu anayo msiiache kabisa, mwekee tu kalenda aandike tarehe. Na mwangalie shingo. Ila tafadhali usimsugue.

Kaka wa Tandale

Niulize kama mwanaume. Mke wangu anayo, tumekaa muda hatujapata mtoto, mama yangu ameanza maneno. Kwanza mtoto anapatikana? Pili huyo mtoto akiwa wa kike atarithi? Maana umenitisha na hizo jeni.

BintiPangani

Kaka asante kwa kuuliza, wanaume wengi huwa wanasoma kimya kimya.

Mtoto anapatikana, kwa wengi tu. Mayai yapo, tena mengi, kinachokosekana ni moja lipevuke. Dawa ya kwanza siku hizi ya kupevusha ni letrozoli, iliyokuwa inatumika mwanzo ni klomifeni. Marekani mwaka 2014 walizilinganisha kwa wanawake 750 wenye PCOS, waliojifungua kwa letrozoli ni asilimia 27.5 na kwa klomifeni 19.1, ndani ya mizunguko isiyozidi mitano. Hizi ni za kuandikiwa na kufuatiliwa na daktari, sio za kununua duka la dawa kwa kumtaja rafiki. Na wewe upime mbegu zako mapema, maana nimeona wengi wanamzungusha mwanamke miaka, kumbe na bwana naye ana lake.

Kuhusu kurithi, sio lazima. Kwenye familia zilizochunguzwa, kina dada wa mwenye PCOS ni kama mmoja kwa wanne hivi naye anayo, na mama mtu karibu na hapo. Ni juu ya kawaida ila wengi hawapati. Kidunia WHO wanasema ni kati ya asilimia 10 na 13 ya wanawake wa umri wa kuzaa, na mpaka asilimia 70 ya walionayo hawajatambuliwa.

Halafu kuna kitu cha tumboni. Watafiti wa Lille Ufaransa mwaka 2018 waliona wajawazito wenye PCOS wana AMH ya juu kuliko wengine, wakawachoma panya wajawazito AMH nyingi, na watoto wa kike wa panya wale wakakua na dalili kama za PCOS, mapigo ya ubongo ya haraka, testosteroni juu, mayai hayapevuki. Kondoo na nyani waliopewa testosteroni wakiwa na mimba nao walizaa watoto wa kike wenye dalili hizo. Kwa hiyo urithi unaweza kuwa jeni na pia hali ya tumboni vyote viwili. Ila panya sio mtu, usiende kumtisha mkeo na panya. Cha maana akishika mimba apimwe sukari mapema, maana kisukari cha mimba kinawapata zaidi.

Na mama yako mwambie wewe mwenyewe. Usimwachie mkeo.

Nuru ya Likoni

Habari zenu kutoka Mombasa. Mdogo wangu alikuwa hana shida yoyote ya hedhi, akaanza dawa za kifafa, valproeti, baada ya muda akanenepa, nywele zikatoka usoni, hedhi zikakatika. Daktari wa kifafa na daktari wa wanawake kila mmoja akawa anamrusha kwa mwenzake. Hii ina uhusiano ama ni bahati mbaya tu?

Mpima Damu

Ina uhusiano unaojulikana. Valproeti inaongeza androjeni na inaleta dalili kama za PCOS hasa kwa wasichana wanaoianza wadogo. Na kando ya hayo ina hatari kubwa kwa mtoto tumboni, kwa hiyo kwa mwanamke wa umri wa kuzaa ni dawa ya kujadiliwa vizuri na daktari wake. Lakini ASIIACHE mwenyewe, degedege la kuacha dawa ghafla linaua. Awapeleke madaktari wote wawili karatasi moja, dawa na tarehe alizoanza, na hedhi zilivyoanza kubadilika.

Nuru ya Likoni

Shukran sana. Nitamwandikia hivyo.

mama_wawili_

Swali la mwisho, mimi watoto wangu wawili ninao tayari, sihitaji mwingine. Period ikikaa miezi minne si ni pumziko jamani? Pedi zenyewe bei.

BintiPangani

Hapana mwaya. Yai lisipotoka projesteroni haipo lakini estrojeni inaendelea, kwa hiyo ukuta wa kizazi unajengwa tu hauangushwi. Ukikaa hivyo miaka, hatari ya saratani ya ukuta wa kizazi inapanda mara kadhaa. Ndo maana ukipitisha siku 90 daktari anakupa vidonge vya projesteroni ule siku kadhaa ukuta ushuke, au anakuweka kwenye vidonge vya majira, au kitanzi chenye homoni. Vile vidonge watu wanavyovikimbia, kwa mwenye PCOS asiyetafuta mtoto vinasaidia vitu viwili kwa mpigo, vinalinda kizazi na vinapandisha SHBG ndevu zinapungua kasi. Sio kila mtu vinamfaa, mwenye presha au historia ya damu kuganda aseme mapema.

Na wote mliochangia hapa wenye PCOS nauliza, nani amewahi kupimwa sukari? Maana mimi niliandikiwa ultrasaundi mara nyingi kuliko ninavyokumbuka na hakuna aliyeniambia pima sukari mpaka nilipoomba mwenyewe.

mama_wawili_

Sijawahi.

Chaupele

Wifi yangu hajawahi na anayo miaka mingi.

Kaka wa Tandale

Mke wangu alitobolewa kidole asubuhi hajala wakasema iko sawa.

Mpima Damu

Ya kidole hajala inakamata wale walioshafika mbali. Kwa PCOS kinachopendekezwa ni kile cha kunywa glukosi. Unakuja asubuhi hujala tangu usiku, unatolewa damu, unapewa gramu 75 za glukosi kwenye maji uzinywe ndani ya dakika tano, unakaa pale pale masaa mawili hutembei tembei huli, unatolewa tena. Ni tamu ya kukera, wengine kichefuchefu, ukitapika tunarudia siku nyingine. Unakuta mtu yuko 5 (mmol/L) hajala, baada ya masaa mawili unamkuta yuko 9, imezidi kawaida, na kile cha asubuhi kingemwachia aende zake. Kama hakipatikani ulipo basi sukari ya asubuhi ya damu ya mshipa au HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu), ila HbA1c kwa mwenye sikoseli au upungufu wa damu inadanganya na huku kwetu hao ni wengi, mwambie mpimaji.

Chaupele

Soda mbili haziwezi kutumika badala ya hiyo glukosi? Zahanati ya kwetu hawana.

Mpima Damu

Hapana mama, soda sukari yake sio glukosi tupu na viwango vyetu vya kusomea majibu ni vya gramu 75 za glukosi. Nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, uliza kwanza kwa simu kabla hujapanda gari ukiwa na njaa.

Kaka wa Tandale

Nimekaa nawaza shemeji yangu, kaka yake wife. Ana 27, kichwa kimebaki duara, tumbo hili hapa, baba yao alikufa na kisukari. Kwa hiyo naye apime?

BintiPangani

Huyo huyo ndo nilikuwa namwandikia. Apime sukari na presha. Hana PCOS, ila mtaji ni wa ukoo ule ule.

Kaka wa Tandale

Nimempigia sasa hivi nikamwambia ovari za dada yako zinasema ukapime sukari. Kanikatia simu. Nitamtafuta jioni kwa lugha nyingine.